Tupeane uzoefu: kushika mali ya mwenzako kazini bila kugombana, hapa Goma

Mukaaji wa Katindo

Salamu kwa wote. Wengi wetu hapa mjini tunakula kwa kitu ambacho si chetu: moto (pikipiki) ya mtu, floti (pesa ya kazi iliyo ndani ya simu) ya mtu, kikwembe (kitenge) cha mteja, mifuko ya simenti ya mwenye kiwanja. Kuna msemo tunaupenda sana, "mbuzi anakula pale alipofungwa", na kila mmoja anauvuta upande wake. Lakini ukisikiliza magomvi ya mtaa, mengi hayakuanza na wizi. Yalianza siku ya kukabidhiana, watu wakaogopa kuhesabu mbele ya macho wasionekane hawaaminiani.

Ombi langu: kila mtu aeleze kazi anayoijua. Mnakabidhiana namna gani, mnahesabu nini, kitu kinaharibikia wapi, na nani analipa. Hadithi za "fulani alinifanyia hivi" tuziache, na jina la mtu lisitajwe.

Motari wa Ndosho

Nianze na moto. Siku ya kuipokea, muizunguke wawili, mchana. Tairi mbili, taa, honi, vioo, breki, betri, mita ya kilomita. Spoku uzibonyeze mbili mbili kwa vidole, iliyolegea inajionyesha. Barabara zetu za mawe ya volkeno zinakata spoku haraka, na ikikatika moja zile za jirani zinabeba uzito wake, kwa hiyo ukipokea moto yenye spoku mbili pungufu, wiki ijayo zitakuwa tano na utaulizwa wewe. Piga picha mbele, nyuma, pande zote mbili, na namba ya fremu iliyochongwa shingoni chini ya usukani. Plaki (kibao cha namba) inaweza kung'oka, fremu inabaki ile ile.

Halafu versement, yaani pesa ambayo motari, mwendesha moto, anamtolea mwenye moto. Watu wanataja kiasi tu wanaondoka. Andikeni na haya: siku ngapi kwa juma, Jumapili ni ya nani, mvua ikinyesha kutwa inakuwaje, siku ya ville morte (mji umefunga kazi kwa mgomo) inakuwaje, moto ikikamatwa kwa sababu ya karatasi ni nani anaitoa. Hilo la mwisho lisiwe na mjadala: karatasi ni za mwenye moto, kofia na kubeba watu wawili ni juu ya motari.

Matengenezo, mgawanyo unaokaa vizuri ni huu: pancha, balbu, kebo ya klachi na kuosha ni vya motari. Tairi, betri, chaini na meno yake, injini, ni vya mwenye moto. Oili ndiyo inaleta kelele, kwa hiyo nikae hapo kidogo.

Boxer na TVS tunazotumia zinachukua lita moja hivi ya 20W-50. Kitabu cha moto kinakuruhusu kilomita nyingi kabla ya vidanje (kubadilisha oili), lakini aliyekiandika hakufikiria vumbi jeusi la Goma na gia ya kwanza na ya pili asubuhi mpaka usiku. Ukifanya kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa juma, majuma mawili ni kilomita 1,200. Hapo badilisha. Klachi ya moto hizi inaoga ndani ya oili ile ile ya injini, kwa hiyo oili ikichoka dalili mojawapo ni klachi kuteleza mlimani: injini inalia, moto haiendi. Ukiendelea, pistoni inakwaruza silinda, moshi wa buluu unatoka, na sasa mnaongea habari ya kuchonga silinda na kununua pistoni kubwa. Lita moja ya oili haijawahi kufika bei hiyo.

Filta ya hewa ifunguliwe kila juma. Ya sponji inaoshwa kwa sabuni, inakauka kabisa, inapakwa oili kidogo na kukamuliwa. Ya karatasi inagongwagongwa tu, maji yanaiua. Chaini icheze sentimita mbili hadi tatu katikati. Na ukibadilisha chaini, badilisha na meno ya mbele na ya nyuma siku hiyo hiyo. Meno yaliyochongoka yatakula chaini mpya mbele ya macho yako.

Tatizo lenyewe liko hivi. Motari anachelewesha vidanje ili versement ya leo itimie. Mwenye moto anapokea versement kila jioni bila kukosa, ila akiambiwa tairi imeisha anajibu "tutaona kesho". Wote wawili wanakula injini moja.

Mama Furaha

Asante. Lakini daftari na picha, si motari ataona umemchukua kama mwizi tangu siku ya kwanza?

Motari wa Ndosho

Mama, daftari ziwe mbili, moja kwake na moja kwa mwenye moto, na kila jioni wote wawili wanatia sahihi: tarehe, kilomita, pesa iliyotolewa, kilichotengenezwa na bei yake. Linamlinda motari zaidi. Wale wa mkataba, wanaolipa kidogo kidogo mpaka moto iwe yao, ndio wanapaswa kulishika sana. Mwenye moto akifariki katikati, familia itakayokuja haijui umelipa miezi mingapi. Itaona moto ya marehemu tu.

Kabine ya Birere

Kwa upande wetu wa kabine, yaani vibanda vya pesa za simu, hesabu ni rahisi kuliko watu wanavyoifanya. Kosa kubwa ni kuchanganya dola na faranga kwenye jumla moja. Kiwango kinapanda na kushuka, jioni unakuta pengo na hujui ni hasara, ni kiwango au ni mkono wa mtu.

Kila sarafu ihesabiwe peke yake. Chukua dola: asubuhi floti ya dola ni 300, dola za mkononi 200, jumla 500. Mteja akitoa 50, floti inakuwa 350, mkononi 150. Mwingine akiweka 20, floti 330, mkononi 170. Bado 500. Wateja waje mia, jumla haisogei. Faranga vile vile. Kinachosogeza jumla ni kubadilisha pesa tu, yaani umepokea dola ukatoa faranga, na hiyo iandikwe ukurasa wake pamoja na kiwango cha saa ile. Komisheni usiihesabu kwenye mtaji, iache isomeke peke yake. Ukifanya hivyo jioni dakika kumi zinatosha, na mfanyakazi anaondoka akalale salama, mwenye kabine vile vile.

Makosa yanayorudi kila siku:

Namba mbaya. Soma tarakimu mbili mbili kwa sauti, ngoja jina litokee, muulize mteja "unamtumia nani?" kabla ya kuweka namba ya siri. Usimtajie wewe jina, yeye alitaje. Pesa ikishakwenda kwa mtu mwingine, pigia kwanza huduma ya wateja ya kampuni, ili izuiwe. Ukianza kumpigia aliyepokea, umemwamsha aende kutoa.

Ujumbe wa uongo. Mteja anakuonyesha ujumbe kwamba amekutumia, una jina la kampuni na kila kitu. Usisome ujumbe, soma salio la floti yako. Kama halikupanda, hakuna kilichoingia, hata kama mbele yako kuna watu sita wanakusukuma. Wanaofanya hivyo wanachagua saa ya msongamano makusudi.

Namba ya siri. Mwenye kabine, mfanyakazi, mdogo wake anayekuja kumpokea saa ya kula: watu watatu, namba moja. Siku pesa ikipungua mtamshika nani? Anayeketi ndiye anayeijua, na zamu ikibadilika, pesa inahesabiwa na namba inabadilishwa.

Tena jambo la asilimia. Benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, pesa taslimu ikawa adimu, na kutoa kwenye simu kukaanza kukatwa zaidi ya ada ya kawaida. Kama mwenye kabine ameamua kukata, aandike kwenye kibao, mteja asome kabla. Mfanyakazi anayeongeza asilimia yake ya siri juu ya ile ya bosi anadhani anachuma kwa mteja. Mteja haji tena, na anayepoteza wateja ni kabine nzima, yeye akiwemo.

Mukaaji wa Katindo

Hili la mteja alitaje jina mwenyewe nimelipenda. Mafundi wa ujenzi mko wapi? Nyinyi ndio mnatajwa sana.

Masoni wa Majengo

Tupo, na tunajua tunavyosemwa.

Mwenye nyumba anapenda kuhesabu mifuko mitupu. Mifuko mitupu haisemi kitu. Anayetaka kuchukua anachota karai mbili kutoka kila mfuko kabla haujamwagwa, na mfuko mtupu unabaki pale pale. Hesabu mchanganyiko.

Mfuko wa kilo 50 una karibu lita 35. Kwa zege ya nguzo na ya mkanda juu ya milango, moja kwa mbili kwa nne: mfuko mmoja, mchanga lita 70, kokoto lita 140. Kwa ndoo ya lita 20 hiyo ni mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba. Maji lita 25 hivi, na yakifika 30 simama. Tumieni ndoo, msitumie koleo. Koleo la saa mbili asubuhi na koleo la saa tisa si kipimo kimoja, mkono umechoka. Kokoto yetu ya volkeno yenye matundu inanyonya maji, kwa hiyo ilowanishwe kwanza. La sivyo inanyonya maji ya simenti, fundi anaona mchanganyiko umekauka, anaongeza maji, na nguvu inakwisha hapo.

Kwa kuta za msingi wa mawe, moja kwa nne inatosha: toroli ya lita 60, mbili na kidogo za mchanga kwa mfuko. Matofali ya simenti ya sentimita 15 yenye matundu, mfuko unatoa 25 hadi 30. Anayejisifu kwamba anatoa 45, ukuta wake ukwaruze kwa msumari baada ya juma. Msumari ukichimba kirahisi na unga ukamwagika, umepata jibu.

Mchanganyiko uliokwisha kulowa una saa moja na nusu tu. Kabla ya kwenda kula msichanganye mfuko mzima. Kuurudishia maji baada ya chakula ni kuupa sura ya kulowa, nguvu haurudishiwi. Hili si wizi, lakini hasara yake ni kubwa kuliko karai iliyoibwa, na masoni wengi wazuri wanalifanya kila siku bila haya.

Mifuko ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Unyevu wa mvua zetu unaifanya mawe ndani ya majuma machache.

Na kuna kazi ambayo haina mwenyewe: kumwagilia. Zege inahitaji maji siku saba, asubuhi na jioni, na hapa bidoni (dumu) ya maji inanunuliwa. Fundi anasema maji ni ya mwenye nyumba, mwenye nyumba anasema kumwagilia ni kwa fundi, mlinzi anasema hakuambiwa. Siku ya tatu zege ina nyufa. Andikeni jina la anayemwagilia na nani ananunua bidoni.

Malipo: fundi mkuu kwa hatua (msingi, kuta, mkanda, paa), wasaidizi kwa siku. Pesa ya wasaidizi wapewe mkononi fundi akiwa amesimama pale. Ikipitia kwake ikachelewa, msaidizi atajilipa kwa njia yake, na njia yake mnaijua.

Mama Furaha

Kwa hiyo kumbe mfuko unaondoka kwa sababu mtu hakulipwa?

Masoni wa Majengo

Mara nyingine ndiyo, mama. Mara nyingine ni tabia tu. Sitaki kuwatetea wote.

Chukudu ya Kibumba

Fupi. Viazi na kabichi vikishuka kwa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo), mwenye mzigo ashone midomo ya magunia kwa uzi wa rangi yake, si kamba ya kawaida. Gunia lililofunguliwa njiani na kufungwa tena linaonekana. Sisi tunaoendesha: kagueni kipande cha mpira cha breki nyuma kabla ya mteremko, na mpira wa magurudumu. Breki ya mguu ikiisha, mzigo wote unaingia mtaroni na hakuna versement wala bei. Na msibebe gunia la ziada la mtu wa njiani juu ya mzigo wa mwenye kulipia. Likianguka lake, nani atajua ni lipi?

Atelye ya mitindo, Himbi

Kikwembe kipimwe kwa mita mbele ya mteja kabla hakijakunjwa. Kipande kizima ni yadi sita, kama mita tano na nusu. Kikiwa pungufu, mteja aone pale, asije kusema umemkatia watoto wako. Kata kona ndogo ya kitambaa, ibane na karatasi ya vipimo, jina na tarehe.

Yadi sita kwa mtu wa umbo la kati zinatoa libaya (blauzi), sketi na kitambaa cha kufunga juu. Mtu mnene au michoro mikubwa yenye upande mmoja (ndege wote vichwa juu) inakula zaidi, kwa sababu huwezi kugeuza kipande. Mwambie kabla ya mkasi. Mabaki yote makubwa kuliko kiganja yafungwe ndani ya nguo yake.

Nusu ya malipo mbele ni kwa ajili ya uzi, zipu na kitambaa cha ndani cha nguo YAKE. Atelye nyingi zinaanguka kwa sababu nusu ya mteja wa leo inanunua zipu ya mteja wa juma lililopita. Tarehe unayomwandikia iwe siku mbili kabla ya arusi, ili pasi na umeme visikuaibishe.

Mwandishi wa likelemba

Niongeze likelemba (kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu), maana pesa ya wote ni mali ya wenzako vile vile. Sheria moja inafunika nyingi: pesa isilale kwa mkusanyaji. Watu kumi, faranga 5,000 kila mmoja, jioni ile ile 50,000 iko kwa anayepokea, mbele ya wawili. Ikilala usiku mmoja, imepata matumizi.

Zamu zipigiwe kura, ila mgeni awekwe mwishoni. Hatari iko kwa anayepokea mapema, kwa kuwa deni lake linaanza siku aliyofurahi. Awe na mdhamini ndani ya kundi. Msiba ukitokea, zamu zinabadilishana kwa makubaliano ya wawili hao, na mwandishi anaandika.

Kundi likitaka kukopesha, likelemba haitoshi. Nenda kwenye AVEC (kikundi cha kuweka na kukopa) au MUSO (mfuko wa kusaidiana). AVEC ina sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne asiye na ufunguo. MUSO inatenga masanduku matatu: kijani ni la mikopo ya wanachama, jekundu ni la msaada wa misiba na magonjwa, buluu ni la pesa inayoingia kutoka nje ya kundi. Wanaoua MUSO ni wale wanaoazima jekundu ili kukopesha, eti hakuna mgonjwa mwezi huu.

Karani mstaafu

Nimesoma yote, watoto wangu. Mmeongea sana juu ya mfanyakazi kushika mali ya bosi. Mfanyakazi naye ana vitu vyake mikononi mwa bosi, na hivyo hamvihesabu.

Sheria ya kazi ya Kongo ni namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Mambo mawili yanawagusa. La kwanza, mkataba usioandikwa unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo, mpaka mtu athibitishe vingine. Kwa hiyo yule anayesema "wewe huna karatasi, ondoka leo" anajidanganya. La pili ni la wale wa kila siku: mtu akishafanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, sheria inamchukua kuwa mfanyakazi wa muda usio na kikomo. Kwa hiyo msaidizi wa masoni, mlinzi, mpishi, andika siku zako. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Sheria inaweka saa 45 kwa juma, lakini asiyeandika atazidai kwa kitu gani?

Na bosi anayekata mshahara kwa sahani iliyovunjika bila kusema bei yake ni ndugu na mfanyakazi anayechota karai mbili.

Kabine ya Birere

Muze, hapo umetupiga wote. Basi niulize jambo ambalo kwetu halijapata jibu: mfanyakazi akipokea dola iliyochanika kidogo na hakuna anayeikubali, nani anabeba?

Motari wa Ndosho

Aliyepokea. Aangalie kabla.

Karani mstaafu

Si haraka hivyo. Kama bosi hakumwonyesha ni noti gani soko linakataa, hasara ni ya bosi. Siku ya kwanza mwonyeshe: iliyochanika ukingoni hata kwa ukubwa wa punje ya mchele, yenye muhuri au maandishi ya kalamu, zile za zamani zenye kichwa kidogo, na dola moja moja ambazo wengi hawazitaki. Aishike kwenye mwanga, avute kingo zote nne taratibu, ahisi kwa kucha koti la mtu aliye kwenye noti, kabla hajaingiza chochote kwenye simu. Baada ya hapo akipokea mbovu, wagawane nusu kwa nusu kwa mara ya kwanza, na mara ya pili iwe yake. Na noti hiyo asiipenyeze kwa mteja wa jioni asiyeona vizuri. Iwekwe ndani ya daftari, ipelekwe kwa wabadilishaji wanaonunua noti mbovu kwa bei pungufu, na kilichopotea kiandikwe.

Kabine ya Birere

Nusu kwa nusu nakubali. Kesho naandika kwenye kibao, chini ya asilimia.